Spika Mpya za Wati 150 Zimeshindwa na za Zamani za Wati 60: Tatizo Liko Wapi?

*"Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Kwa miaka mingi nimesikiliza muziki wa dansi na taarab kwa amplifaya ya wati 30 kila upande na spika mbili kubwa za mbao, zilizoandikwa nyuma ohmu 8, wati 60, desibeli 91. Mwaka huu wanangu wameniletea spika mpya, ndogo na nzuri za kuweka juu ya kabati, zimeandikwa ohmu 4, wati 150, desibeli 85 kwa volti 2.83. Nilitegemea zitanguruma, lakini volyumu ikiwa palepale sauti ni ndogo, nikiongeza inapasuka, na amplifaya inachemka kiasi kwamba siwezi kuiwekea kiganja. Muuzaji mmoja anasema amplifaya imechoka, ninunue ya wati 200. Fundi wa mtaani anasema umeme wetu ni mdogo. Jirani anasema niunganishe spika zote nne kwa pamoja. Nimsikilize nani? Na inawezekanaje spika ya wati 150 ishindwe na ya wati 60?"*

Shikamoo Mwalimu, na asante kwa kuninakilia namba zote zilizoko nyuma ya spika, kwa sababu wengi huniandikia wakitaja bei na rangi ya boksi tu, nami nabaki kubahatisha. Naona una hofu mbili: ama amplifaya yako imefika mwisho, ama wanao wameuziwa spika bandia. Kwa maelezo uliyonipa, sioni dalili ya lolote kati ya hayo. Sauti kupungua, kupasuka, na amplifaya kuchemka ni mambo matatu ambayo ningeyatabiri kwa kusoma namba zako peke yake, hata kabla sijasikia wimbo mmoja.

Tuanze na wati 150, maana hapo ndipo wateja wengi wanapopotea na wauzaji wengi wanapopatia riziki. Wati zinazoandikwa kwenye spika hazielezi nguvu ya sauti inayotoka. Zinaeleza mzigo ambao spika inaweza kuubeba bila kuungua, kama kibao kilichoko kwenye daraja kinachosema mwisho tani 10. Kibao kile hakikuambii ni magari mangapi yanapita pale kwa siku. Spika ya wati 150 ikipewa wati 5 inapokea wati 5, basi. Spika zako za zamani zilikuwa daraja la wati 60, na kwa amplifaya ya wati 30 hazikuwahi kukaribia mwisho wake.

Namba inayojibu swali lako ni ile ya desibeli. Inaitwa wepesi wa spika, na mafundi waliosomea mambo haya huiita sensitiviti. Hupimwa kwa kuipa spika volti 2.83 na kuweka maikrofoni umbali wa mita 1 mbele yake, kisha kusoma sauti ni desibeli ngapi. Volti 2.83 si namba ya kubahatisha: kwenye spika ya ohmu 8, volti hizo ni sawasawa na wati 1. Tatizo ni kwamba ohmu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme, kwa hiyo kwenye spika ya ohmu 4 volti zilezile zinavuta umeme maradufu na kuwa wati 2. Ndiyo kusema desibeli 85 za spika zako mpya zimepatikana kwa wati 2, wakati desibeli 91 za zile za zamani zimepatikana kwa wati 1. Tukizipima zote kwa wati 1, mpya zinabaki na desibeli 82. Tofauti halisi kwa kila wati ni desibeli 9, wala si 6 kama inavyosomeka kwenye vibandiko.

Desibeli 9 zinaonekana chache kwa mtu aliyezoea hesabu za kujumlisha, lakini desibeli hazitembei kwa kujumlisha. Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, lazima uzidishe wati mara mbili. Ukitaka 6, mara nne. Ukitaka 9, mara nane. Ukitaka 10, mara kumi. Na sikio lenyewe ni bahili, kwani wengi wetu tunahitaji takriban desibeli 10 ndipo tuseme sauti imekuwa kubwa maradufu. Kwa hiyo kila mahali ambapo spika zako za zamani ziliridhika na wati 1, hizi mpya zinadai wati 8 ili zifike palepale.

Sasa tazama kilichotokea pale sebuleni. Kitufe cha volyumu hakipangi wati, kinapanga volti. Ulipokiacha palepale, volti zilikuwa zilezile, na sauti ikashuka kwa desibeli 6. Lakini kwa kuwa spika mpya ni za ohmu 4, amplifaya ililazimika kutoa umeme maradufu kwa ajili ya sauti hiyo ndogo. Ukasogeza volyumu kufidia, mzigo ukapanda tena. Joto lile ulilolisikia kiganjani ndilo umeme huo wa ziada unaopita kwenye transista, vile vipande vinavyokuza umeme ndani ya amplifaya. Naomba ugeuze mashine usome maandishi yaliyo karibu na sehemu za kuungia waya za spika: kama pameandikwa ohmu 8 hadi 16, basi ohmu 4 hazikuwa zimekusudiwa tangu kiwandani, na mashine hiyo haikuchoka, imetwishwa.

Kupasuka kwa sauti nako kuna sababu ya wazi. Amplifaya ina dari ya volti ambayo haiwezi kuivuka. Ukiisukuma kupita hapo, vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa na kuwa bapa, kama mtu aliyepiga panga juu ya michongoma. Mawimbi yaliyokatwa hivyo yana nguvu nyingi za ziada kwenye sauti nyembamba, nazo zinaishia kwenye twita, ile spika ndogo ya juu, ambayo kwa kawaida huvumilia wati chache tu hata kama boksi zima limeandikwa 150. Kwa hiyo, kinyume na wanavyodhani wengi, amplifaya ndogo inayopasuka muda mrefu inaweza kuunguza twita mapema kuliko amplifaya kubwa inayocheza kwa raha. Ukisikia inapasuka, punguza papo hapo.

Umeuliza inawezekanaje. Swali hilo ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu jibu lake linaaibisha kidogo fani yetu. Spika ni mashine mbovu sana ya kugeuza umeme kuwa sauti. Kwa hesabu ya kawaida, spika iliyo karibu na ukuta au sakafu na inayosambaza sauti sawasawa mbele yake ingetoa desibeli 112 kwa wati 1 kama ingegeuza umeme wote kuwa sauti. Yenye desibeli 92 ina ufanisi wa asilimia 1. Za kwako za zamani, zenye 91, zinageuza sehemu kama 8 tu katika kila 1,000 kuwa sauti. Mpya zinageuza sehemu 1 katika 1,000. Zile 999 zilizobaki ni joto linaloishia kwenye koili, ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika kutoa sauti.

Hasara yote hiyo inatokana na wepesi wa hewa. Koni ya spika ina uzito, hewa ambayo koni hiyo inaisukuma haina uzito wa kutajika, na kitu kizito kinapopunga kitu chepesi hivyo, jasho lake lote linaishia katika kujitingisha chenyewe. Jaribu kupepea jiko la mkaa kwa kijiko, kisha upepee kwa kipepeo cha ukindu. Mkono unafanya kazi karibu ileile, lakini kipepeo kinaukamata upepo na kijiko kinauacha upite pembeni. Koni kubwa na nyepesi yenye sumaku kali ni kipepeo. Koni ndogo, iliyoongezwa uzito ili ishuke kwenye besi, inakaribia kuwa kijiko.

Mfano mwingine unao juu ya mnara wa msikiti wa mtaani kwako au juu ya gari la matangazo. Zile honi za bati kwa kawaida hutoa desibeli 105 hadi 110 kwa wati 1, na ndiyo maana kifaa cha wati 30 kinasikika mitaa kadhaa. Umbo lake linalotanuka polepole linaisaidia diaframu ndogo, ule utando unaotikisika ndani yake, kuikamata hewa vizuri. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusikia besi ya gitaa ikitoka kwenye honi ile, na kukosa besi huko ndiko bei ya ufanisi wake.

Kanuni inayotawala biashara hii ilielezwa na mhandisi Mmarekani Josef Anton Hofmann, ambaye herufi ya mwisho katika jina la kampuni ya KLH, iliyoanzishwa 1957, ni ya jina lake. Watu wa fani huiita Sheria ya Chuma ya Hofmann. Inasema kwamba unaweza kutaka boksi dogo, besi inayoshuka chini, na ufanisi mkubwa, lakini utapata viwili tu kati ya vitatu. Na adhabu yake si ndogo. Ukipunguza ukubwa wa boksi kwa nusu huku ukitaka besi ileile, unapoteza desibeli 3. Ukibaki na boksi lilelile lakini ukataka besi ishuke kutoka hezi 60, yaani mitikisiko 60 kwa sekunde, hadi hezi 40, unapoteza desibeli 5 na ushee, kwa sababu hesabu ya hezi hizo inapandishwa kwa kipeo cha tatu. Wanao wamekuletea boksi dogo lenye besi ya heshima, kwa hiyo kilicholipiwa ni ufanisi.

Haikuwa hivyo siku zote. Zama za amplifaya za valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, wati 10 zilikuwa mali, kwa hiyo spika zilijengwa kubwa na nyepesi kuitika. Paul Klipsch wa Arkansas, Marekani, alileta mwaka 1946 spika ya honi ya kuwekwa kwenye kona ya chumba, kubwa kama kabati la nguo, ambayo kiwanda chake kinaipa desibeli 105. Miaka minane baadaye, 1954, Edgar Villchur akatoka na AR-1, boksi dogo lililofungwa kabisa, ambamo hewa ya ndani inafanya kazi ya springi ya koni. Besi yake iliwashangaza watu, lakini ilikuwa na kiu ya wati. Transista zilipofanya wati kuwa rahisi, dunia ikamfuata Villchur, na makabati yakaondoka sebuleni. Binafsi siwalaumu waliofanya uamuzi huo. Wengi wao walikuwa na sebule ndogo.

Tafadhali usihitimishe kwamba spika zako mpya ni mbaya. Ile spika iitwayo LS3/5a iliyobuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya kurushia matangazo ina desibeli kama 82 au 83 tu, ni ndogo kuliko mkoba wa shule, na mpaka leo wapo wanaoitafuta kwa fedha nyingi kwa jinsi inavyotoa sauti ya binadamu. Wepesi wa spika ni kipimo cha kiasi, si cha uzuri. Ila kinaamua aina ya amplifaya na ukubwa wa chumba vitakavyoelewana nayo.

Turudi kwa washauri wako watatu. Fundi wa umeme mdogo hajakosea kabisa, lakini hesabu haimbebi. Umeme ukishuka kwa asilimia 10, uwezo wa juu wa amplifaya ya kawaida unapungua kwa karibu asilimia 19, ambayo ni chini ya desibeli 1. Sikio lako lisingeligundua hilo, na zaidi ya hapo spika za zamani zilikuwa zikila umeme huohuo. Hata hivyo, kwa wasomaji wanaotumia sola hoja ya ufanisi ni nzito mno: spika yenye desibeli 91 mahali pa yenye 82 inaweza kuamua kama betri itafika saa nne usiku au itazimika saa mbili.

Ushauri wa jirani naomba ukatae kwa adabu. Ukiunga spika ya ohmu 8 na ya ohmu 4 sambamba kwenye njia moja, amplifaya itaona ohmu 2.7 hivi. Mashine ambayo tayari haigusiki kwa joto ikibebeshwa mzigo huo, ama itajizima yenyewe, ama itaungua transista na katika kuungua huko ipitishe umeme wa moja kwa moja, kama ule wa betri, kwenye spika. Isitoshe, spika zako za zamani zingezifunika mpya kwa desibeli 6 katika kila wimbo, usisikie ulichonunuliwa.

Muuzaji wa wati 200 ana ukweli nusu. Wati 200 kwenye spika yenye desibeli 82 kwa wati 1 zinafika desibeli 105 kwa umbali wa mita 1. Wati 30 kwenye zile za zamani zinafika karibu 106. Maana yake ni kwamba utalipia wati 200 ili ufike pale ambapo wati 30 zilikuwa zimeshakufikisha. Na hapo sijahesabu joto: koili ya shaba ikipanda kwa nyuzi 100, ukinzani wake unaongezeka kwa karibu asilimia 40, na sauti inaweza kupungua kwa desibeli karibu 3 zaidi, pale hasa unapoihitaji. Kama utanunua, hakikisha wati hizo ni za mfululizo kwenye ohmu 4 na pande zote mbili zikifanya kazi. Usikubali zile zinazoitwa PMPO, wati za kilele cha kufumba na kufumbua, zinazobandikwa kwenye sabufa za madukani kwa maelfu. Geuza sabufa ya namna hiyo usome kiasi cha umeme inachokula ukutani. Ukikuta wati 60, basi maelfu yale ya mbele ni mapambo. Marekani ilichoshwa na mchezo wa namna hii mapema, na kuanzia 1974 kanuni ya serikali iliwataka watengenezaji wa amplifaya za nyumbani wataje wati za mfululizo.

Mimi nisingeanza na kununua. Ningeanza kwa kuuliza unasikiliza kwa sauti gani. Kwa kochi lililo mita 3 kutoka kwenye spika mbili, wastani wa desibeli 75, ambao ni sauti iliyojaa sebuleni lakini mtu bado anaweza kuongea na mwenzake, unahitaji chini kidogo ya wati 1 kwa kila spika mpya. Mapigo ya ngoma na matarumbeta yanayoruka desibeli 15 juu ya wastani yatadai karibu wati 30. Umeona? Amplifaya yako inafika, ila inafika ikiwa imesimama kwa vidole vya miguu. Ukitaka wastani wa desibeli 85, kama siku ya sherehe, vilele vitadai wati 300, na hapo hakuna cha kubembeleza. Kwa spika za zamani, sherehe hiyohiyo ingetosheka na wati 35 hadi 40 kwenye vilele, yaani amplifaya yako ingeimaliza ikipasuka kidogo sana.

Kwa hiyo, kama unasikiliza kwa utulivu na amplifaya inaruhusu ohmu 4, baki na spika mpya, zisogeze karibu na ukuta wa nyuma ili ukuta uisaidie besi, nawe usogeze kochi mbele. Kutoka mita 4 hadi mita 2 unaweza kupata desibeli 3 au 4 bila shilingi. Kama amplifaya hairuhusu ohmu 4, usiendelee kuichemsha. Spika hizo zisubiri mashine inayoziweza, au zibadilishwe. Na kama hamu yako ni dansi la kuujaza ua, tafuta spika za ohmu 8 zenye desibeli 90 na zaidi, nawe utazikuta kwa wauza mitumba wa vifaa vya Ulaya kwa bei ya chini kwa sababu hiyohiyo kwamba ni kubwa na vijana hawazitaki. Namba ya kibandiko ipunguze desibeli 2 kichwani, kwa kuwa watengenezaji wengine huwa wakarimu kwa mali yao.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyatibu. Kama amplifaya inanuka kitu kinachoungua, inajizima, inavuma hata volyumu ikiwa sifuri, au koni inaruka na kubaki imesimama mbele unapoiwasha, chomoa kwenye ukuta uipeleke kwa fundi mwenye mita ya kupimia umeme, apime kama kuna umeme wa moja kwa moja kwenye njia ya spika. Apime pia spika zenyewe: ya ohmu 4 yenye afya husoma kati ya 3 na 4, ya ohmu 8 kati ya 5.5 na 7. Ikisoma nje ya hapo kwa mbali, koili au krosova, ile sehemu inayogawa sauti nene na nyembamba, ina kasoro.

Na kuna daktari wa masikio. Ukiona spika zozote zile, hata za zamani, zinahitaji volyumu ya juu kuliko miaka iliyopita, au watu wa nyumbani wanalalamika kwamba televisheni inapiga kelele wakati wewe unaiona ya kawaida, nenda hospitali ukapimwe usikivu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90 kikomo kinashuka hadi saa 4.

Hukuniambia spika za zamani ziko wapi. Kama ziko stoo, zitoe, ufungue kitambaa cha mbele, na ubonyeze koni ya kati kwa vidole vya mikono miwili, taratibu na sawasawa. Ikiingia na kutoka kimya bila kukwaruza, koili iko salama. Kisha gusa ule mkanda wa sponji unaoishika koni pembeni: ukivunjika kama biskuti, fundi anayejua kazi ataubadilisha kwa gharama ndogo sana kuliko amplifaya ya wati 200. Usizipige kabla hajaubadilisha.